Gari ya umeme ikipiga kelele, tusikimbilie kulaumu moteri

Lubumbashi – Gari za umeme zingali chache katika barabara zetu za Katanga, lakini zinaingia moja moja, na pamoja nazo unaingia woga. Mwenye gari anasikia mlio kila anapokanyaga pedali. Anaenda garaji, na hata mbele ya kuinua gari anaambiwa: moteri imekufa, ao batri imeisha. Kisha anatajiwa bei inayomkatisha usingizi.

Mimi naona tunakosea hapo. Mara nyingi kelele hiyo haitoki kwa umeme. Inatoka kwa vyuma na mipira ambayo mafundi wetu wanaijua tangu zamani.

Tuelewane kwanza juu ya jambo moja. Gari ya mazuti inaficha makelele yake mengi chini ya ngurumo ya moteri. Gari ya umeme haina ngurumo hiyo, kwa hiyo kila kitu kinasikika. Na si kila mlio ni ugonjwa. Moteri ya umeme inaweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na filimbi nyembamba inayopanda pamoja na mwendo ni kawaida yake. Kuna hata sauti iliyowekwa kwa makusudi: katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari mpya ya umeme inapashwa kutoa sauti ikienda polepole, mpaka karibu kilometa 20 kwa saa, ili mwenye kutembea kwa miguu asigongwe.

Inayofaa kuchunguzwa ni sauti mpya, ambayo haikuwako mwezi uliopita. Fundi atafute barabara tambarare isiyo na watu, asikie kelele wakati anaongeza mwendo, kisha aweke gari kwenye N na kuiacha iteleze. Kelele ikikatika, atafute kule nguvu inakopita: kardani, gia, ao mipira inayoshikilia moteri. Kelele ikiendelea, aangalie magurudumu.

Kutoka hapo, kila mlio unajitaja. «Ta-ta-ta» wakati wa kukata kona huku unakanyaga ni kichwa cha kardani. Mara nyingi kifuniko chake cha mpira kimepasuka, grisi imetoka na mchanga umeingia. Mngurumo unaobadilika ukipinda kushoto ao kuume ni rulema ya gurudumu. Ukidhani ni pine, hamisha za mbele uzipeleke nyuma: kelele ikihama nazo, umepata jibu. Pigo moja zito wakati wa kuondoka ni mpira uliochoka, kwa sababu moteri ya umeme inatoa nguvu yake yote mara moja. Mtetemo wa plastiki ni kifuniko cha chini kilicholegea kisha kugonga jiwe. Na kama ni gia zinazolia, tuangalie mafuta yake; gari haina mafuta ya moteri, lakini sanduku la gia linayo.

Mashimo yetu yanaharakisha yote hayo. Batri ya Nissan Leaf za kwanza peke yake ina uzito wa karibu kilo 300. Uzito huo unaanguka ndani ya kila shimo pamoja na gari.

Lakini kuna mpaka, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Waya nene za rangi ya machungwa zisiguswe na fundi asiyefundishwa. Katika gari nyingi zinabeba kati ya volti 300 na 400, na hata kisha kuzima gari umeme unaweza kubakia ndani kwa dakika kadhaa. Umeme huo unaua. Kijana wa garaji asitumwe kufungua moteri ili bosi asipoteze mteja.

Ndiyo maana naomba INPP na shule zetu za ufundi wafundishe kazi hii kwa mikono, na vyombo vyake: glavu za volti kubwa, mashine ya kusoma makosa ya gari, na namna ya kukata umeme. Mwezi wa nne 2022 Kongo na Zambia zilisaini mapatano ya kutengeneza batri pamoja. Ni vizuri, lakini kiwanda bila mafundi ni ukuta tu.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, na Kolwezi iko katikati ya kazi hiyo. Ni haya kuona jiwe linatoka hapa, linarudi likiwa ndani ya gari, na sisi tunalipa bei ya moteri kwa sababu ya mpira wa kardani uliopasuka.

Ndugu mwenye gari, ukiambiwa «moteri imekufa», uliza swali moja: «Ulipoweka N, kelele ilikatika?» Fundi asiye na jibu bado hajaanza kazi.