Kalemie: esansi, mazutu au umeme, ni kipi kinachokula pesa kidogo barabarani?

Mjini Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, bei ya esansi haimhusu mwenye chombo peke yake. Pikipiki ndizo zinazowabeba wakaaji kutoka komini ya Lukuga hadi komini ya Lac, ndizo zinazopeleka mgonjwa hospitalini na mzigo sokoni. Mafuta yakichelewa kufika kutoka ng'ambo ya ziwa, nauli inapanda siku ileile, na kilo ya ndagala na bei ya unga wa muhogo zinafuata nyuma.

Wakati huohuo, habari za pikipiki za umeme zinazidi kufika kutoka nchi jirani. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kuziingiza barabarani mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya inayosajiliwa huko kwa kubeba abiria lazima iwe ya umeme. Nairobi na Kampala nako zinaonekana. Je, Kalemie ingepata faida gani? Hesabu zinaonyesha kwamba kwa pikipiki faida ni kubwa, kubwa kuliko wengi wanavyofikiri, lakini inategemea jambo moja: umeme unaojaza betri unatoka wapi. Kwa lori la mizigo, hali ni tofauti kabisa.

Kwanza, kwa nini mafuta ni ghali. Sehemu kubwa ya mafuta ya mwambao huu inashuka bandarini Dar es Salaam, inasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli au kwa malori hadi Kigoma, kisha inapakiwa tena kuvuka ziwa. Meli ya Tanzania ya kubeba mafuta, MT Sangara, ina uwezo wa kuchukua takriban lita 400,000 kwa safari moja kwenda bandari za Kongo, Burundi na Zambia. Njia nyingine ni ya kusini, kupitia bandari ya Mpulungu nchini Zambia. Kila mahali mzigo unaposhushwa na kupakiwa upya, gharama inaongezeka. Serikali, kupitia Wizara ya Uchumi wa Taifa, inapanga bei rasmi kwa franka, huku mwenye kuagiza akilipa kwa dola. Na pampu zikikauka, bei rasmi inabaki kwenye karatasi; anayeamua ni muuzaji wa chupa na bidoni kandokando ya barabara, yule ambaye Mashariki yote inamwita Kadafi.

Sasa hesabu yenyewe. Pikipiki ya 125 inayobeba abiria kwenye barabara za Kalemie hutumia takriban lita 2.5 za esansi kwa kilomita 100. Pikipiki ya umeme ya ukubwa huohuo hutumia kama kilowati-saa 4, kipimo kilekile kinachosomwa kwenye konteri ya nyumbani. Tofauti inatokana na mashine zenyewe. Lita moja ya esansi ina nguvu ya karibu kilowati-saa 9, lakini injini ndogo inageuza chini ya robo yake kuwa mwendo. Nyingine yote inapotea kama joto kwenye silinda na kwenye bomba la moshi. Injini ya mazutu inafanya vizuri zaidi, theluthi moja au kupita kidogo. Mota ya umeme inapita asilimia 80.

Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba lita moja ya esansi ni dola 1.5 na kilowati-saa moja ni senti 15 za dola, kilomita 100 zinagharimu dola 3.75 kwa esansi na senti 60 kwa umeme. Bei hizi ni za kufanyia hesabu. Kila motari anaweza kuweka zile za siku yake na kuona jibu lake. Bado hapo oili haijahesabiwa, wala plagi, wala filta. Pikipiki ya umeme haina vidanji. Plaketi za breki, matairi na mishtuko zinabaki palepale, kwa sababu mashimo ya barabara hayaulizi chombo kinatumia nini.

Wauzaji wengi wa vyombo vya umeme huishia kwenye hesabu hiyo, na si haki. Betri nayo ni mafuta, ila yamelipwa kwa mara moja. Mwaka 2024 wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa dola 115 kwa kila kilowati-saa ya ukubwa wake, kwa bei ya kiwandani. Betri ya pikipiki ya kilowati-saa 3 ingetoka hapo kwa dola 345. Ikifika Kalemie baada ya meli, forodha na faida ya wafanyabiashara, tuseme imekuwa dola 700, yaani zaidi ya mara mbili. Betri nzuri ya aina ya lithiamu na chuma huvumilia kujazwa mara 2,000 hivi. Kila mara ikimpa motari kilomita 60, ni kilomita 120,000, na gharama yake inakuwa kama senti 60 kwa kilomita 100.

Jumla basi ni dola 1.20 dhidi ya 3.75. Kwa motari anayefanya kilomita 100 kwa siku, dola 2.5 zinabaki mfukoni kila jioni. Kwa siku 300 za kazi ni zaidi ya dola 700. Kwa kijana ambaye lazima ampelekee mwenye pikipiki pesa yake kila siku kabla hajajua yeye mwenyewe atakula nini, hiyo ni karo ya watoto.

Ukiigeuza hesabu hiyohiyo, unapata kipimo kinachofaa kukumbukwa: kwa bei hizo za mfano, umeme ungebidi ufike karibu senti 80 kwa kilowati-saa ndipo pikipiki ya esansi iwe sawa na ya umeme. Bei ya SNEL haiko karibu na hapo. Lakini jenereta iko. Jenereta ndogo ya esansi, ile inayounguruma mbele ya maduka jioni, hutoa takriban kilowati-saa 2 kwa lita. Hiyo ni senti 75 kwa mafuta pekee, kabla ya oili na uchakavu wa mashine yenyewe. Anayejaza betri kwa jenereta ya namna hiyo amehamisha tu mahali esansi inapounguzwa, na amenunua betri juu yake. Jenereta kubwa ya mazutu, yenye kutoa kilowati-saa 3 kwa lita, inaacha faida ndogo ambayo kuharibika mara moja kunaimaliza.

Kwa hiyo macho yanarudi Bendera.

Umeme wa Kalemie unatoka kwenye bwawa la Bendera, kwenye mto Kyimbi, kama kilomita 120 kaskazini mwa mji. Kituo hicho kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wazee wanakikumbuka pia kwa sababu wapiganaji wa Che Guevara walikishambulia mwezi Juni 1965. Uwezo wake uliojengwa ni karibu megawati 17. Kwa mji ambao kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilisimama zamani, si kidogo. Pikipiki 1,000 za umeme, kila moja ikifanya kilomita 100 kwa siku, zingehitaji kilowati-saa 4,000. Zikijazwa usiku kwa muda wa saa nane, ni nusu megawati. Hata mtambo mmoja tu kati ya miwili ukiwa unazunguka, hiyo ni kama asilimia 6 ya nguvu yake.

Kwa maneno mengine, maji ya Kyimbi yanatosha kwa wamotari. Kinachokosekana ni uhakika wa mitambo mizee, laini ndefu inayopita porini, na nyaya za mtaani zinazozidiwa jioni. Nchini kote, takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye anayepata umeme, na anayeupata hajui utakatika saa ngapi. Kwa mwenye friji, umeme kukatika usiku ni usumbufu. Kwa motari wa pikipiki ya umeme ni siku nzima ya kazi iliyopotea, na mwenye pikipiki anasubiri pesa yake vilevile. Ile faida ya dola 2.5 inaliwa na usiku mmoja wa giza, pengine na faida ya juma zima.

Jua ni njia ya pili. Paneli za kilowati moja, yaani mbili za kawaida za wati 500, hutoa Kalemie takriban kilowati-saa 4 kwa siku, pungufu wakati wa mvua. Hizo ni kilomita 100 za pikipiki moja. Shida ni saa: jua linawaka mchana, na mchana pikipiki iko kazini. Ndiyo maana mfumo wa Kigali umejengwa juu ya kubadilishana betri. Motari ananunua pikipiki bila betri, anafika kituoni, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, analipia nguvu aliyotumia, anaondoka kwa dakika chache. Mzigo wa kununua betri na hatari ya kuharibika kwake vinabaki kwa kampuni. Kituo cha namna hiyo chenye paneli juu ya paa na umeme wa SNEL unapokuwepo kingeweza kuvumilia giza la Kalemie kuliko konteri ya nyumbani.

Wanaoona jambo hili kama ndoto za Kizungu wangeshuka ufukweni usiku. Wavuvi wa ndagala wa ziwa Tanganyika waliwinda samaki kwa taa za kupampu za mafuta kwa miaka mingi. Katika miaka ya karibuni taa za LED za betri zimezichukulia nafasi kwenye mitumbwi mingi. Mvuvi hufanya hesabu ileile ya motari: mafuta ya kila usiku upande mmoja, betri na mahali pa kuijaza upande wa pili.

Kwa magari, picha inabadilika. Toyota ndogo ya esansi inayokula lita 8 kwa kilomita 100 ingegharimu dola 12 kwa bei ileile ya mfano. Gari dogo la umeme, kilowati-saa 18, dola 2.70. Lakini gari la umeme linaloweza kumfikia mtu wa Kalemie kwa bei anayoimudu ni lile lililotumika, na linalopatikana zaidi kutoka Japani ni Nissan Leaf ya miaka ya kwanza. Betri yake ya kilowati-saa 24 haina mfumo wa kuipoza, na joto huichosha. Baada ya miaka kumi, gari lililokuwa likifanya kilomita mia na zaidi linaweza kubaki na nusu. Linatosha kuzunguka mji. Kwenda Bendera na kurudi haliwezi, na njiani hakuna pa kujaza.

Huko ndiko mazutu inakotawala. Lita ya mazutu ina nguvu zaidi kuliko ya esansi, karibu kilowati-saa 10, na injini yake inaitumia vizuri zaidi. Gari zito likibeba mzigo kupanda milima ya barabara ya kitaifa namba 5, mazutu inaokoa lita nyingi. Land Cruiser za mashirika, zenye injini ya 1HZ, zinakula lita 13 au zaidi kwa kilomita 100, lakini zina sifa ambayo haionekani kwenye jedwali la gharama: pampu yake ni ya kimekanika, na fundi yeyote wa Kalemie au Nyunzu anaifahamu. Injini mpya za mazutu zinakula kidogo zaidi, ila sindano zake za mafuta hazisamehi maji na uchafu wa mapipa. Safari moja ya mazutu iliyochanganyika na maji inaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima. Mtu anayenunua gari jipya la mazutu kwa kuangalia lita peke yake anajidanganya.

Ethiopia imechukua njia kali zaidi. Mnamo Januari 2024 ilitangaza kuzuia kuingizwa kwa magari binafsi ya esansi na mazutu, kwa sababu ina umeme mwingi wa maji na dola kidogo za kununulia mafuta. Kongo inafanana nayo kwa mito, haifanani nayo kwa nyaya. Hata Ethiopia, nje ya Addis Ababa, vituo vya kujazia ni vichache.

Tanganyika ina sababu nyingine ya kufuatilia jambo hili. Lithiamu ya Manono, inayogombaniwa na makampuni ya kigeni mahakamani na nje ya mahakama, ndiyo madini yanayoingia kwenye betri za pikipiki hizohizo. Betri za lithiamu na chuma hazihitaji kobalti, lakini lithiamu haziepuki. Malori yatakayoitoa Manono, kwa barabara zilivyo, yatakunywa mazutu.

Na liko swali ambalo Kinshasa italiuliza mapema au baadaye. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, hulishwa na kodi inayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Motari anayehamia kwenye umeme haichangii tena, ingawa anapita kwenye mashimo yaleyale. Kama serikali itaiweka kodi hiyo kwenye kilowati-saa, kwenye leseni au kwenye betri inapopita forodhani, ile tofauti ya dola 2.5 kwa siku itapungua. Mwenye kuwekeza kwenye vituo vya betri Kalemie atataka kujua hilo kabla ya kuagiza kontena la kwanza, pamoja na saa ambazo SNEL inaweza kumhakikishia umeme kwa maandishi.