Unafunga saa 16 Busia? Mwili hautofautishi mtindo na mfuko mtupu

Ukishuka matatu mjini Busia saa moja asubuhi, utamkuta kijana wa bodaboda amekalia pikipiki yake akingoja mteja. Hajatia kitu tumboni tangu jana usiku. Hatua chache kutoka hapo, katika ofisi ya mawakala wa forodha, kuna msichana wa rika lake ambaye pia hajala. Yeye ana programu kwenye simu inayomhesabia: saa 11 zimepita, zimebaki 5. Ukimuuliza wa kwanza, atakwambia siku bado haijafunguka. Wa pili atakwambia anafunga, 16 kwa 8, na tangu aanze anajihisi mwepesi.

Sasa hebu chukua damu ya hawa wawili saa tano asubuhi uipeleke maabara bila majina. Je, daktari atajua nani anafuata TikTok na nani hana pesa? Hatajua. Kwa wote wawili insulini imeshuka, ini linatoa akiba yake ya sukari na mafuta yameanza kuchomwa. Labda kotisoli, homoni ya presha za maisha, itakuwa juu kidogo kwa yule wa pikipiki, lakini hiyo ni ya kodi ya nyumba. Mwili hauna mahali pa kuandika sababu.

Nalitaja hili kwa sababu Busia na Malaba ni miji ambayo kazi yake haijawahi kuheshimu saa ya chakula. Hata neno bodaboda lilizaliwa mpakani huku, vijana wa baiskeli wakivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na mizigo hushughulikiwa usiku na mchana. Upande wa Malaba, foleni ya malori imewahi kunyooka kilomita nyingi kuelekea Bungoma, dereva na taniboi wake wakila kitakachopita dirishani. Kwa hivyo mtindo wa kufunga ulipoingia kwenye simu zetu, ulikuta watu tayari wanaruka mlo. Ukaipa njaa jina zuri.

Tuanze na yaliyo kweli, maana si kila kitu ni porojo.

Ukila ugali saa tatu usiku, insulini hupanda ili kuingiza sukari kwenye seli, kisha hushuka pole pole. Kufikia asubuhi unaishi kwa akiba ya ini. Akiba hiyo ikipungua, mwili unaegemea mafuta zaidi na zaidi. Ile njaa inayokubana saa nne, saa ya chai na mandazi, inaletwa na homoni iitwayo ghrelini. Ghrelini ina mazoea kama mtu: huja saa uliyoizoeza kula, hupiga kelele, halafu hutulia hata kama hukula. Ndiyo maana saa tano unashangaa njaa imeenda wapi. Baada ya wiki kadhaa za ratiba mpya, inajifunza saa mpya.

Na ule wepesi? Upo. Chakula kikikosekana kwa muda mfupi, adrenalini na nduguye noradrenalini hupanda, na mtu anakuwa macho. Ni mpango wa zamani wa mwili wa kukusukuma ukatafute chakula. Homoni hizo hizo ndizo zinazotetemesha mikono na kukufanya umfokee abiria juu ya shilingi 10. Ukiwa kwenye kiti cha ofisi, sawa. Ukiwa katikati ya malori mawili barabara ya Malaba, hilo ni suala jingine kabisa.

Ahadi zinazozidi hapo, zichunguze. Utaambiwa ukifika saa fulani seli zako zinajisafisha. Kujisafisha huko kupo, na Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi kunavyofanya kazi. Lakini alikuwa akichunguza hamira. Ndiyo, hamira hii ya mandazi. Kutoka hapo hadi kwa mtu wa Marachi Estate ni safari ndefu, na hakuna aliyethibitisha saa maalumu ambayo binadamu akiifikisha usafi unaanza.

Kuhusu kupunguza uzani, mwaka 2020 watafiti wa California walitoa matokeo ya watu 116, nusu wakila ndani ya saa 8, nusu wakila milo ya kawaida. Baada ya wiki 12, tofauti ya uzani kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo mno kuhesabika, na baadhi ya kilichopotea kwa waliofunga kilikuwa misuli. Mwaka 2022, huko Guangzhou, China, watu 139 walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima. Wengine walibanwa kwa saa, wengine hawakubanwa. Wote walipungua karibu sawa. Maana yake ni rahisi: saa zinakusaidia iwapo zinakufanya ule kidogo. Ukifungua kwa chapati nne na soda, umehamisha mlo tu.

Tuje kwenye joto, kwa sababu hapa ndipo wengi wanashtuka. Umewahi kuhisi vidole baridi saa tano asubuhi ilhali jua la Busia linachoma? Kusaga chakula kwenyewe hutoa joto. Usipokula, jiko hilo halijawashwa. Njaa ikiendelea kwa wiki na miezi, mwili unafanya jambo kubwa zaidi. Leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, inashuka. Ubongo unapunguza amri kwa tezi ya thairoidi, na ile homoni yake yenye nguvu, T3, inapungua. Injini inateremshwa gia. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2006 uliwapunguzia watu chakula kwa robo kwa miezi sita, na joto la ndani la miili yao lilishuka pamoja na insulini.

Mfano mkali zaidi ni wa 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambapo wanaume 36 walijitolea kulishwa nusu shibe kwa wiki 24 ili madaktari wajifunze namna ya kuwatibu wahanga wa njaa ya vita. Walilalamika baridi hata miezi ya joto ilipofika. Mapigo ya moyo yalipungua. Wakawa wakali, wapweke, hawana hamu ya mapenzi, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Kama unafunga na usiku wa manane unajikuta unatazama video ya kumi ya mtu akipika pilau, hao ni ndugu zako.

Lakini kosa kubwa la mpakani, kwa maoni yangu, ni saa gani mnafunga. Vijana wengi huruka asubuhi na mchana, halafu wanakula kila kitu kati ya saa mbili na saa tano usiku: ugali, matumbo, rolex mbili za kuongezea. Mwaka 2022 watafiti wa Boston waliwachukua watu 16 wenye uzani mkubwa wakawapa chakula kile kile, kiasi kile kile, ila mara moja kikisogezwa mbele kwa takriban saa nne. Walipokula kwa kuchelewa, njaa iliongezeka, leptini ya mchana ilishuka, nishati waliyochoma ilipungua na joto la mwili lilishuka. Chakula hakikubadilika, ni saa tu! Kwa upande wa pili, mwaka 2018 wanaume wanane wa Alabama waliokuwa wakielekea kupata kisukari walikula mlo wao wa mwisho kabla ya saa tisa alasiri. Baada ya wiki tano insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na presha ikashuka, ingawa hawakupunguza uzani. Wanane ni wachache, nakubali. Ila matokeo yanaelekea upande mmoja: kama ni lazima uruke mlo, ruka wa usiku.

Rahisi kuandika, ngumu kutenda. Anayelipwa jioni atakulaje asubuhi? Hapo ndipo uji wa wimbi na mihogo unapopata heshima yake. Kikombe kabla ya kuwasha pikipiki si anasa, na vibanda vyetu huuza tangu alfajiri. Kwa wanaokesha na makaratasi Malaba, jua pia kwamba joto la mwili hufika chini kabisa karibu saa kumi au kumi na moja alfajiri hata kwa aliyeshiba. Ukiongeza tumbo tupu, utatetemeka. Mogokaa hautakusaidia hapo. Unaficha njaa, hauiondoi, na usingizi unaohitaji ukitoka zamu unaupoteza.

Dada zangu, kwenu kuna jambo la ziada. Homoni ya ubongo inayoamsha mayai hutolewa kwa midundo, na midundo hiyo husikiliza kiasi cha nishati kilichopo. Watafiti walioripoti mwaka 2003 waliwapunguzia wanawake 29 chakula hatua kwa hatua. Chini ya kiwango fulani, midundo ilivurugika ndani ya siku tano tu. Kwa hivyo hedhi ikianza kuruka tangu ulipopakua ile programu, usingoje miezi sita ukidhani ni mabadiliko ya hewa. Mwili umeamua huu si wakati wa kubeba mtoto. Kwa aliye mjamzito, anayenyonyesha, aliye bado shuleni, au anayetumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kuitoa, hili si jambo la kujaribu kwa sababu rafiki amefanikiwa. Sukari inaweza kuanguka ukiwa barabarani.

Tusisahau pia kwamba kufunga si kugeni kwetu. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza ndani ya wiki moja. Anayefunga Ramadhani ana daku, ana futari, ana watu wa kufungua nao, na mgonjwa ana ruhusa ya kula. Wewe unafunga peke yako, bosi akiwa hana habari. Na lipo jambo linaloniuma zaidi: ukishajiita mtu wa kufunga, hakuna atakayekuuliza kama jana ulilipwa.

Kisha kuna malaria. Tuko ukanda wa ziwa, na malaria hapa haina likizo. Mtu wa 16 kwa 8 anahisi baridi, kichwa kinauma, viungo vimelegea, na mtandaoni anaambiwa ni mwili unazoea. Anangoja siku mbili, tatu. Njaa hushusha joto la mwili kidogo; haileti homa. Ukipima ukakuta nyuzi 38, hiyo si programu yako inayofanya kazi. Nenda upimwe damu siku hiyo hiyo.

Na ukikutwa nayo, soma hapa kwa makini. AL, dawa ambayo wengi wetu hupewa kwanza, ni vidonge 24 kwa mtu mzima: vinne, kisha vinne baada ya saa 8, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Lumefantrini iliyo ndani yake huhitaji mafuta ili iingie vyema kwenye damu. Ukiimeza na maji matupu, sehemu kubwa itapita tu. Maziwa, mayai, parachichi, hata omena wa kukaanga, vinatosha. Hesabu mwenyewe: dozi za asubuhi na jioni zimeachana saa 12, nawe unajiruhusu kula kwa saa 8. Kwa siku hizo tatu, zima ile programu.