Umezaliwa Mara ya Pili? Nyumbani Wanajua?

Si ajabu kupanda basi jijini na kumkuta mhubiri akiuliza: "Je, umezaliwa mara ya pili?" Kuna abiria watakaomtajia siku, mwezi na mwaka waliookoka. Wengine watatazama nje dirishani. Lakini ni wangapi wanaojua maneno hayo yalianzia wapi?

Yalianzia gizani. Nikodemo, Farisayo na mmoja wa wakuu wa Wayahudi, alimwendea Yesu usiku (Yohana 3). Alikuwa msomi mwenye heshima zake. Yesu akamwambia kwamba bila kuzaliwa upya hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Maskini mzee wa watu! Alidhani anatakiwa arudi tumboni mwa mamake.

Injili hiyo iliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotumika hapo, anothen, lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo alishika ile ya kwanza tu. Yesu alikuwa akizungumzia kazi ya Roho wa Mungu. Hakuna mtoto anayejizaa mwenyewe. Vivyo hivyo, uzazi huu haupatikani kwa elimu wala cheo.

Na kuzaliwa kwa maji na kwa Roho je? Hapa makanisa hayasemi kwa sauti moja. Wakatoliki na Waanglikana huona ubatizo. Makanisa mengi ya Kipentekoste husisitiza toba na imani ya mtu binafsi. Lakini nabii Ezekieli, katika sura ya 36, alikuwa amekwisha kutaja yote mawili: Mungu atawanyunyizia watu wake maji safi, awatie roho yake, na kuubadilisha moyo wa jiwe uwe wa nyama. Sasa niambie, moyo wa jiwe ukiondoka, nani atatangulia kujua kama si wale unaoishi nao?

Sura hiyo ya 3 haisemi kama Nikodemo aliamini usiku ule. Hatupewi tarehe. Lakini mfuate. Katika sura ya 7 anathubutu kuwauliza wenzake iwapo sheria yao humhukumu mtu kabla hajasikizwa. Katika sura ya 19, Yesu akiwa amesulubiwa, analeta takriban ratili 100 za manemane na udi kwa mazishi. Yule mgeni wa usiku sasa amejitokeza.

Wazee wetu pia walipima wokovu kwa matendo. Uamsho ulioanzia Rwanda, huko Gahini, ulipofika Kenya mwaka wa 1937, waliookoka walijulikana kwa kuungama hadharani, kulipa madeni na kurudisha vitu walivyoiba.

Basi baba, kama umeokoka na bado watoto hukimbilia chumbani wasikiapo ufunguo wako mlangoni, jiulize. Mama, unaimba kwaya Jumapili na mshahara wa yaya ni wa miezi miwili iliyopita? Nawe mwanafunzi, unaongoza maombi asubuhi, jioni unatafuta karatasi ya mtihani iliyoibwa?

Tarehe ya kuokoka ni nzuri kuikumbuka, msomaji wangu. Lakini usihangaike kuitangaza kila mahali. Waachie wa nyumbani kwako waseme. Chema chajiuza.