Picha ya Ukurasa Si Somo

MSONYO WA JUMAPILI
Na Bi Chausiku

Wiki hii nimesonya mpaka jirani akadhani naita kuku wake. (Ndiyo, yule jogoo wake wa safu zilizopita bado yu hai. Mnaoniandikia kuulizia habari zake badala ya hoja zangu, mmepata jibu.)

Kilichoniudhi ni ujumbe wa shule anayosoma mjukuu wangu, ulioingia saa nne usiku, wakati watu wenye akili wameshazima taa. Ulisema kwamba kutokana na mvua na hali ya barabara, kuanzia kesho masomo yatafanyika kwa njia ya mtandao, shule imejipanga vilivyo, wazazi tuondoe hofu. Mimi sikuwa na hofu mpaka nilipousoma.

Sina ugomvi na kufunga. Aliyewahi kusimama Jangwani siku mto Msimbazi umeamua kupita juu ya lami hawezi kudai basi la watoto lipite pale. Wafunge, na wafunge mapema. Ugomvi wangu ni asubuhi iliyofuata.

Binti yangu anauza vitenge Kariakoo. Simu yake ndiyo duka lake: oda zinaingia humo, malipo yanaingia humo, picha za mzigo mpya zimo humo. Saa kumi na mbili alfajiri simu hiyo imeshapanda daladala. Shule iliyojipanga vilivyo haikumuuliza mzazi hata mmoja, mchana simu ya nyumbani kwenu anabaki nayo nani? Walidhani mtoto wa darasa la tatu analala na simu janja chini ya mto. Basi mama mtu akawa anapokea masomo sokoni na kunirushia mimi bibi, yeye mkono mmoja anapima kitenge, mimi huku natazama kiduara kinavyozunguka.

Yakaja. Ukurasa wa kitabu cha Sayansi, picha imelala ubavu. Ukurasa wa pili umelala ubavu wa upande mwingine, na kidole gumba cha mwalimu kimeziba nusu ya swali la tano. Ikafuata faili ya Hisabati, nzito kama gunia la mkaa, iliyomaliza bando langu la wiki kabla haijafunguka. Nikanunua vocha. Ukaja ujumbe wa sauti wa kuelezea kuzidisha, na nyuma ya kuzidisha kitu kinakaangwa na kichanga kinalia.

Mwalimu simsemi. Nilimpigia, tukaongea vizuri. Kichanga ni chake, bando ni la mshahara wake, na maelekezo aliyopewa na wakubwa wake yalikuwa haya tu: kila somo liwe limetumwa kabla ya saa nne asubuhi. Hakuambiwa aangalie kama limefika, sembuse kama limeeleweka. Hakuonyeshwa namna ya kufundisha watoto asiowaona. Alipewa usiku mmoja, naye akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: alishika kitabu kwa mkono wa kushoto, simu kwa mkono wa kulia, akapiga picha.

Kundi la wazazi sasa, hilo ni sinema nyingine. Kila picha ikitua, msururu wa "asante mwalimu" unaifunika, na wa kuisoma lazima apande juu kuitafuta. Katikati ya Sayansi mama mmoja akatangaza maandazi ya oda. Baba mmoja, ambaye nadhani alikosea kundi, akakumbusha mchango wa harusi. Kisha mzazi mwenye elimu yake akalijibu swali la tano, lile lililozibwa na kidole, jibu zima zima na maelezo. Wazazi wenzake wakalinakili kwenye madaftari ya watoto. Darasa zima likapata.

Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, sasa mimi nifanye nini?" Nikamwambia aoshe vikombe. Ndilo somo pekee siku ile lililokuwa na mwalimu wa kukagua.

Mchana likaja agizo jipya: wazazi tuzichapishe kurasa, watoto wajaze, tupige picha, turudishe. Barabara ya kwenda shule haipitiki, ila ile ya kwenda steshenari, yenye maji yale yale, tumeruhusiwa. Nikapandisha gauni nikaenda. Kijana wa steshenari alikuwa anacheka peke yake. Tukajaza, tukapiga picha, tukatuma. Mpaka naandika safu hii hakuna aliyeweka hata alama moja ya vyema.

Mzee wangu, ambaye wasomaji wa zamani mnajua huongea mara mbili kwa mwaka, aliitumia nafasi yake ya kwanza. "Mtu ni Afya," akasema, akarudi kwenye gazeti.

Vijana, nisikilizeni mimi, maana yeye hataeleza. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kwa jina hilo darasa la mbali la wiki 12, lililokusanya watu wapatao milioni 2, na chombo chenyewe kilikuwa redio. Nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kubeba kigoda cha mama mpaka chini ya mwembe. Redio Tanzania inasema, kitabu kiko mkononi, na kipindi kikiisha anasimama kiongozi wa kikundi, mwanakijiji aliyefundishwa mapema namna ya kuongoza mazungumzo, anauliza: haya, tumesikia nini, na hapa kwetu tunafanya nini? Mjadala unaanza. Wiki inayofuata watu wanachimba choo. Serikali iliyofanya hayo ilikuwa maskini kuliko shule ya mjukuu wangu, yenye bwawa la kuogelea na nembo ya tai. Ila ilijua kwamba sauti ya mbali bila mtu wa karibu inapita tu, na ikamwandaa huyo mtu wa karibu kabla ya kuwasha redio.

Wala msiniambie jambo hili ni geni. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya corona, na watoto wa msingi hawakurudi mpaka Juni 29. Majirani zetu Kenya walikaa zaidi, wengi wao mpaka Januari 2021. Wao hata walirushiwa intaneti kwa maputo, Julai 2020, yanaelea kilomita 20 hivi juu ya vichwa vya watu. Watoto waliporudi madarasani Januari, mwezi huo huo kampuni mama ikatangaza kuachana na maputo. Sisi huku tuliapa kwamba tumejifunza. Tulichojifunza ni kufungua kundi la WhatsApp.

Botswana mwaka ule ule wa 2020 hawakurusha kitu angani. Wakufunzi walipiga simu, simu ya kawaida ya kitochi, mara moja kwa wiki kwa dakika 20 hivi. Mzazi anawasha spika, mtoto anakokotoa, mkufunzi anasikia pale pale alipokwama. Watoto hao wakapanda katika hesabu. Wenzao waliotumiwa ujumbe mfupi peke yake, tofauti haikuwa ya kujivunia. Jambo hilo limerudiwa baadaye hadi Kenya na Uganda, si hadithi ya mbali.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa faili ya Hisabati ilitushinda kufungua. Darasa la mjukuu wangu lina watoto 30. Dakika 20 kila mmoja ni dakika 600, saa 10 kwa wiki nzima. Mwalimu anaweza, na muda wa kunyonyesha unabaki. Apige jioni, simu za wazazi zikiwa zimerudi nyumbani. Mapema, Januari kabla ya masika, shule iwe imeshauliza nani ana simu, ya aina gani, iko nyumbani saa ngapi, na watoto wawe wametoka shuleni na vitabu vyao kwenye begi badala ya kuviacha kabatini na kutumiwa picha za kurasa. Shule ya serikali yenye watoto 100 na zaidi darasani, hapo najua simu hazitoshi. Warudi chini ya mwembe: watoto watano watano wa mtaa mmoja, mkubwa mmoja aliyeelekezwa, redio moja.

Kwa nini hawafanyi? Ada. Sihitaji utafiti. Shule binafsi ikikaa kimya wiki moja, mzazi ataanza kugawanya ada ya muhula kwa siku na kudai chake. Picha zile ni risiti. Zinathibitisha kwamba kuna kitu kilitolewa, na ndiyo maana kulikuwa na saa ya mwisho ya kutuma na hapakuwa na saa ya kusahihisha.

Ijumaa mvua ikiwa imepungua, ikaingia ankara. Shilingi 30,000 kwa kila mwanafunzi, "ada ya jukwaa la kidijitali". Jukwaa! Mwenye shule, najua unasoma safu hii, kwa sababu nilipoandika kuhusu mabasi yako ulinipigia kabla sijamaliza chai. Usihangaike kupiga, nitalipa. Nitatandika mezani noti tatu za elfu kumi, nizipige picha zikiwa zimelala ubavu, kidole gumba changu kikiwa juu ya tarakimu, na nitaziweka kwenye kundi kabla ya saa nne asubuhi. Wazazi wenzangu, msisahau kuandika "asante Bibi".