Ofisa masoko apimwe kwa gunia

KIJANA mmoja, mhitimu wa chuo kikuu, aliitwa kwenye usaili wa nafasi ya ofisa masoko katika chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi mkoani Dodoma. Alifika saa mbili asubuhi akiwa amevaa tai, mkononi ana bahasha ya kaki yenye vyeti na nakala zake. Alikaa kwenye benchi hadi saa saba mchana ndipo akaitwa.

Ndani alikuta watu watano. Akaulizwa, kwa Kiingereza, maana ya masoko. Akaieleza. Akatakiwa kutaja nguzo nne za masoko, naye akazitaja: bidhaa, bei, mahali na utangazaji, kama alivyozikariri mwaka wa kwanza. Akaulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Mjumbe mmoja, mkulima mtu mzima, alikaa kimya muda wote kwa sababu lugha iliyotumika haielewi vizuri, ingawa mshahara uliokuwa ukijadiliwa ungetoka kwenye mahindi yake.

Hadi hapo hakuna aliyetaja gunia.

Mwishoni kijana akaambiwa, kama ilivyo desturi, aulize swali kama analo. Akauliza: msimu uliopita chama kiliuza tani ngapi, kwa bei gani na kwa nani? Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akajibu kuwa takwimu zipo, ila daftari liko kwa mhasibu. Kijana akaaga, akaambiwa atapigiwa simu.

Lile swali lake ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, tena liulizwe na chama chenyewe kabla ya kutangaza nafasi. Chukua mfano wa chama kinachouza tani 300 kwa mwaka, yaani magunia 3,000 ya kilo 100. Kikimlipa ofisa wake Sh 600,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni Sh 7,200,000. Gawanya kwa kilo, unapata Sh 24 kwa kila kilo, au Sh 2,400 kwa gunia. Maana yake ofisa huyo asipoongeza bei ya mkulima kwa zaidi ya Sh 24 kwa kilo, au asipookoa hasara ya kiasi hicho, wanachama wamejiongezea mzigo. Chama kisichojua kiliuza kwa bei gani mwaka jana hakitajua kama mtu wake anafanya kazi au anasoma magazeti ofisini.

Nafasi ya kuokoa hasara ipo, tena kubwa, na inaanzia kwenye lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini mashambani bado wapo wanunuzi wanaolijaza na kulivisha kilemba. Gunia la kilo 125 likilipwa kwa bei ya kilo 100, kwa kila magunia manne mkulima ametoa gunia zima bure. Msailiwa apewe hesabu hiyo na karatasi, aikokotoe mbele ya wajumbe, kwa Kiswahili.

Unyevu nao ni hivyo hivyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi kiwango hicho hubaki kilo 95 hivi. Mnunuzi wa kinu anajua hesabu hiyo vizuri na huikata kwenye bei, pengine kwa kuzidisha. Ofisa wa chama asiyeijua atakubali lolote atakaloambiwa. Aulizwe pia stakabadhi za ghala, ambazo zina sheria yake tangu mwaka 2005: zinamfaa mkulima lini, na gharama ya kuhifadhi itakula faida baada ya miezi mingapi?

Wapo watakaosema mtu wa aina hiyo hapatikani. Anapatikana, ila hatafutwi, na mara nyingine nafasi imeshapata mpwa wa mtu kabla tangazo halijabandikwa. Vijana nao wana lao. Anayeitwa kwenye usaili wa chama cha mahindi na hajawahi kukanyaga soko la Kibaigwa, lililo mkoani humo humo, akaulize bei, nauli ya lori na ushuru wa kupakia, asishangae akikosa kazi. Safari hiyo ni ya siku moja.

Njia rahisi ni kumpeleka msailiwa ghalani, kumwekea mzani na gunia, na kumkalisha na wakulima watatu wamwulize wanachotaka. Yule mjumbe aliyekaa kimya awe wa kwanza. Na kama daftari la mauzo bado liko kwa mhasibu, tangazo la kazi lisubiri.