Gari Kabla ya Nguo: Barua kwa Watu Wangu wa Kona Baridi

Wapendwa wa nyumbani,

Jumapili Mama alinipigia simu, akanisomea orodha: shali mbili nzito, kofia za sufu, soksi, nepi, beseni, na lile boksi la mtoto la Ufini ambalo mdogo wangu aliliona kwenye simu. Mtoto wake anatarajiwa Julai, mwezi ambao Kona Baridi hustahili jina lake. Nguo nitatuma. Ila katika orodha yote ile sikusikia gari likitajwa, ndiyo maana nawaandikia nyote, na majirani pia.

Nianze na hilo boksi, kwa kuwa mwanangu wa kwanza alilala ndani yake hapa Tampere. Serikali ya Ufini ilianza kuligawa mwaka 1938 kwa akina mama maskini, enzi ambazo watoto wapatao 65 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Tangu 1949 ni la kila mama. Ndani mna nguo, blanketi na godoro dogo, na boksi lenyewe hugeuzwa kitanda. Watu husifu nguo. Mimi nasifu sharti lake. Mama halipati mpaka awe amekwenda kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kwisha. Zile nguo zilimvuta mama afike kwa mkunga mapema.

Mdogo wangu alikwenda kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi sita. Simlaumu, kwetu tumbo halitangazwi, tunaogopa vinywa vya watu. Lakini alipopimwa alikutwa na upungufu wa damu, na miezi ambayo angekuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu ilikuwa imeshapita. Tafadhali asikose hata siku moja iliyoandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki.

Sasa niseme lile ambalo hatulisemi. Mnaukumbuka usiku wa mama mdogo. Mtoto alitoka salama, damu ikakataa kukatika. Mume wake alikuwa safarini, simu haishiki, na wazee wakasema tungoje apatikane. Akapatikana saa nane usiku. Gari likapatikana alfajiri. Hospitalini tukaambiwa hakuna damu, tafuteni ndugu wa kutoa. Jua lilipochomoza alikuwa ameshatuacha. Tulizika tukisema ni mapenzi ya Mungu.

Miaka mingi baadaye, nikisomea uuguzi huku, mwalimu alitufundisha kazi ya Thaddeus na Maine ya mwaka 1994 kuhusu vifo vya wazazi. Walieleza kwamba mama huponzwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Niliinamisha kichwa wenzangu wasinione nikilia. Ulikuwa ni usiku wetu ule, hatua kwa hatua. Mzazi anayevuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa mbili. Sisi tulitumia saa sita kutafuta ruhusa.

Shemeji, wewe kazi yako iko Kitengela, na kutoka huko kupitia Isinya na Kiserian hadi nyumbani usiku si safari ya kufumba na kufumbua. Kwa hiyo toa ruhusa leo, mbele ya Mama. Atakayekuwa na mke wako nyumbani ndiye aamue. Wewe utapigiwa simu wakiwa wameshaondoka. Damu ikionekana, kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu, uso na mikono ikivimba, chupa ya maji ikipasuka, mtoto akiacha kucheza tumboni, ni kuondoka saa hiyohiyo. Maumivu ya kichwa ya namna hiyo huweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, si uchovu wa shamba. Zungumzeni sasa na jirani mwenye gari la Probox, pamoja na mwingine wa akiba, na mafuta nitayalipa kabla. Ndugu wawili waende wakapimwe kundi la damu.

Kuhusu malipo, bima ya NHIF iliondoka Oktoba 2024, na mpango wa uzazi wa Linda Mama ukawa Linda Jamii chini ya SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini mama awe amesajiliwa na mchango wake umelipwa. Usajili ni *147#. Mchango wa mwaka nitautuma kwa M-Pesa wiki hii, kabla ya shali.

Mama, hili ni lako, na nalisema kwa heshima. Najua utataka kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha kwa ajili ya baridi. Hewa ya sumu ya makaa, isiyoonekana wala kunusika, imeua familia nzima zikiwa usingizini. Mtoto awekwe kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yao wote wawili; hakuna jiko linaloshinda kifua hicho. Asiogeshwe siku ya kwanza. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, na ile dang'a ya manjano isimwagwe. Mengine yote unayajua kuliko mimi: njahi, uji wa wimbi, supu ya kondoo. Mpikie mpaka akatae.

Namba za wenye magari ziandikwe kwa kalamu nzito ukutani, karibu na mlango. Zikishaandikwa, mmoja wenu anipigie anisomee, hata iwe usiku wa manane huku. Nitakuwa macho.

Wenu, kutoka Tampere.