Ajionaye Ana Kasoro: Maradhi ya Fikira, Si Maringo

Katika miji ya Kigoma na Ujiji, kama ilivyo kwingineko nchini, kijana asiyeweza kupita mbele ya kioo bila kusimama huitwa mwenye maringo. Yule akataaye kupigwa picha, au ajifunikaye uso kwa mtandio hata mbele ya ndugu zake, huambiwa kuwa ana haya za kitoto. Hukumu hizi mbili zinapingana, lakini mara nyingine zote hutolewa juu ya mtu yule yule, na zote huwa si za haki. Yapo maradhi ya nafsi ambayo humfanya mtu aamini kwamba pua yake, ngozi yake au sehemu nyingine ya mwili wake ina kasoro ya kutisha, ilhali wenzake hawaioni kasoro hiyo, au huiona kuwa ndogo mno.

Daktari Mwitaliano Enrico Morselli aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1891 na kuyaita dismofofobia. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, yamepewa fungu lake yenyewe. Uchunguzi wa Ulaya na Marekani unakadiria kuwa huwapata watu wapatao 2 katika kila 100. Wanaume nao wamo. Aghalabu huanza katika umri wa shule ya sekondari.

Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba maradhi haya hayakai usoni. Yamo katika namna akili inavyopokea na kupanga habari. Mwaka 2000 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi. Wagonjwa walipewa mchoro wenye mistari mingi, wakaunakili, kisha wakatakiwa kuuchora tena kwa kumbukumbu. Walikumbuka kidogo kuliko watu wenye afya, na sababu kubwa haikuwa usahaulifu. Walikuwa wameshika vipande vidogo vidogo bila kwanza kulishika umbo zima lililoviunganisha.

Wavuvi wa dagaa wa Katonga na Kibirizi wataielewa hali hii upesi. Usiku taa ya mtumbwi huangaza maji yaliyo chini yake hata kila dagaa akaonekana, lakini ziwa lenyewe, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 600, humezwa na giza. Mvuvi anajua kwamba ziwa lipo. Mgonjwa hukitazama kidoa kimoja cha ngozi yake mpaka uso uliobaki ukatoweka, naye hana habari kwamba umetoweka.

Mwaka 2007 wataalamu wa Los Angeles walipiga picha za ubongo wa wagonjwa 12 waliokuwa wakitazama nyuso za watu wengine. Hata walipoonyeshwa nyuso zilizofifishwa, zisizo na maelezo madogo madogo, ubongo wao ulifanya kazi kana kwamba unayatafuta. Idadi hiyo ni ndogo, na majaribio ya namna hii hayajatoa majibu yaliyo sawa kila mara. Hata hivyo mwelekeo wake unastahili kuzingatiwa. Imeonekana pia kwamba wagonjwa hukosea kusoma hisia katika nyuso za wenzao, hasa wanapodhani kuwa wanatazamwa wao, wakaona hasira au dharau mahali ambapo hakuna. Muuza samaki akikunja uso kwa sababu ya jua la sokoni Ujiji, mgonjwa hurudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amechukiwa.

Wagonjwa wengi hutumia saa 3 hadi 8 kwa siku wakiifikiria kasoro hiyo. Mwanafunzi wa namna hii atakuwa darasani, lakini hesabu iliyo ubaoni haitapata nafasi kichwani mwake. Mwalimu atamwandika kuwa mzito wa kuelewa. Akili yake haijapungua, imeshughulishwa. Kumchapa au kumcheka ni kumwongezea ushahidi wa kile anachokiamini tayari.

Hapa lazima yatajwe mafuta ya kujichubua. Si kila ajichubuaye ni mgonjwa: utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta sababu nyingi, kuanzia kutaka kuondoa chunusi hadi kumpendeza mwenzi. Lakini mgonjwa ni mnunuzi asiyetosheka kamwe, na vipodozi vyenye zebaki, ambavyo vimepigwa marufuku Tanzania, hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mtu ambaye umakini wake umekwisha kupunguzwa na maradhi hujipaka sumu inayoweza kuupunguza zaidi.

Tiba ipo. Mazungumzo ya mpango maalumu na mtaalamu, pamoja na dawa kama fluoksetini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huwasaidia wengi. Katika mazungumzo hayo mgonjwa hufundishwa hata kujitazama upya: asimame mbali kidogo na kioo, autazame mwili mzima, aueleze bila maneno ya matusi.

Shida iko mlangoni. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita Dodoma, iliko Hospitali ya Mirembe, lakini mtu anayeamini kuwa tatizo lake ni pua hatapanda gari moshi kwenda hospitali ya magonjwa ya akili. Atakwenda dukani kununua krimu, au kwa daktari wa ngozi. Kwa hiyo wanaopaswa kufundishwa kwanza ni waganga na wauguzi wa Hospitali ya Maweni na wa zahanati za mwambao, wauza dawa, na walimu. Akija mtu mara ya tatu kutibiwa ngozi isiyo na ugonjwa, asifukuzwe wala asiandikiwe krimu nyingine. Aulizwe ni saa ngapi kwa siku hulifikiria jambo hilo, na ni mambo gani ameacha kuyafanya kwa ajili yake.